Waya Nyekundu, Kibanio Cheusi

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kabati la rafiki yangu, simu nimeing'ata meno ili tochi imulike ukutani. Alikuwa amenunua kabati jipya na kuniita tusaidiane kuhamisha vitu. Yeye alikuwa upande wa pili akihangaika na bawaba. Mimi nilijipa kazi ya nyaya, maana kwake mimi ndiye mtu wa mambo ya sauti.

Spika ya kushoto: waya nyekundu kwenye kibanio chekundu, nyeusi kwenye cheusi.

Spika ya kulia: nyekundu kwenye cheusi.

Nikafuta vumbi kwa kidole, nikaangalia tena. Ndivyo ilivyokuwa.

Spika hizo nilimchagulia mimi. Miezi saba nyuma nilikaa kwenye kochi lake, nikasikiliza zile alizokuwa nazo kwa nusu wimbo, nikatoa hukumu: "Kaka, hizi hazina besi. Uza." Akauza. Nyaya hakuzigusa. Alichomoa spika za zamani, akachomeka mpya, kila waya pale pale ilipokuwa.

Nikageuza zile waya mbili. Ilinichukua sekunde kumi. Nikatoka nyuma ya kabati nikijipangusa magoti, nikanyamaza.

Jioni tukawasha muziki. Besi ikajaa sebuleni kama mgeni ambaye miezi yote hiyo alikuwa akibisha hodi, ila hakuna aliyemfungulia. Rafiki yangu akaacha alichokuwa akifanya. "Unasikia hiyo? Si uliniambia zitakaa sawa zikishazoea!"

"Ndiyo, kaka," nikasema. "Zimezoea."

Neno hilo limenikaa kooni, hii ni wiki ya tano.

## Upana niliousifia

Wiki moja baada ya kuzileta zile mpya alinipigia simu. Kwa upole wake, akauliza kama anaulizia hali ya hewa: "Hivi kaka, mbona mimi naona ni zilezile tu?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu ajuaye kwamba spika mpya huhitaji muda, koni, yaani ule utando wa mbele unaotetemeka, zilegee, zizoee. Ni kweli kwamba spika mpya hulegea kidogo inapoanza kutumika. Lakini mara nyingi kinachozoea ni sikio la aliyeinunua, na kusema "subiri zizoee" ni njia nzuri ya mshauri kujipatia miezi michache ya kutoulizwa.

Kilichokuwa kikitokea pale ni hiki. Koni ya spika husukuma hewa mbele, kisha huivuta nyuma. Spika mbili zikiunganishwa sawasawa husukuma pamoja na kuvuta pamoja. Ukigeuza nyaya za moja, hii ikisukuma ile inavuta. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu unaokaribia mita 7. Spika za rafiki yangu zimeachana mita 2. Kwa wimbi refu kiasi hicho, ni kama zimesimama mahali pamoja: hewa inayosukumwa na hii inamezwa na ile kabla ya kufika kwenye kochi.

Sauti za juu hazimezwi hivyo. Wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3 na nusu hivi, na ukisogeza kichwa kidogo tu hesabu imeshabadilika. Kwa hiyo matoazi yanabaki, besi inatoweka, na mwimbaji aliyepaswa kusimama katikati anatawanyika chumba kizima, hujui hata anaimbia wapi.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Siku ya hukumu sikusema tu kwamba zile spika hazina besi. Niliongeza, na nakumbuka jinsi nilivyojiona mjuzi: "Ila zina upana mzuri."

Upana ule ndio uliokuwa ugonjwa.

Nilizisikia dalili zote mbili. Moja nikaiita kasoro ya kiwandani, nyingine nikaipa sifa, na ujuzi wangu wote haukunituma nichungulie nyuma ya kabati.

Mafundi redio wana kipimo cha siku nyingi kwa jambo hili: betri ndogo ya volti 1.5. Chomoa nyaya upande wa amplifaya, gusisha ncha zake kwenye betri kwa kufumba na kufumbua, huku ukiiangalia koni kubwa ya spika. Ikiruka mbele, waya iliyogusa chanya ya betri ndiyo ya chanya. Ikirudi ndani, umezigeuza. Kama huna betri, weka rekodi ya mtu anayezungumza, zisogeze spika mbili zikaribiane kabisa, kisha jaribu kugeuza nyaya za moja. Hali ambayo sauti ina kifua ndiyo sahihi.

Dakika tano. Mimi nilimuuzisha mtu spika zake bila kutumia dakika tano.

## Nyumbani kwangu

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja nyuma ya spika zangu, hata viatu sijavua. Nyaya zilikuwa sawa. Nikashusha pumzi.

Ahueni hiyo ilidumu usiku mmoja. Asubuhi nilipokaa kwenye kiti changu nikaanza kujiuliza: kama niliwahi kukosea kitu kikubwa kiasi kile kwa uhakika wote ule, ni vingapi humu ndani ninavyoviamini kwa uhakika huohuo?

Nikaanza na besi. Kwa miaka miwili nimekuwa nikilalamika kwamba sebule yangu haina besi. Nilinunua sabufa, ile spika kubwa ya besi pekee. Nikapandisha ekwalaiza, kifaa cha kuongeza au kupunguza sehemu fulani ya sauti, kwenye hezi 40 kwa desibeli 6, ambayo maana yake ni kuitaka amplifaya itoe nguvu mara nne pale pale. Amplifaya ikawa inachemka, na besi bado naiona hafifu. Mke wangu hakuwahi kukubaliana nami kuhusu jambo hili, nami nikahesabu kwamba ni mtu asiyependa makelele.

Nikachukua futikamba. Sebule yangu ina urefu wa mita 4.2. Kiti changu, nilichokichagua kwa sababu kinaonekana vizuri pale, kiko mita 2.1 kutoka ukuta wa mbele.

Katikati kabisa, wala si karibu na katikati.

Sauti ya chini ikitoka kwenye spika hugonga ukuta wa nyuma, hurudi, hukutana na inayokuja. Kuna noti moja ambayo nusu ya wimbi lake inalingana na urefu wa chumba, na hiyo haisafiri tena, husimama. Kwenye kuta inaunguruma, katikati ni kimya. Kwa chumba cha mita 4.2 noti hiyo ni karibu hezi 41. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa bila kubonyezwa popote, ni hezi 41.2. Yaani nilikuwa nimeweka kiti changu kwa uangalifu mahali ambapo noti ya chini kabisa ya gitaa la besi inakufa.

Nikacheza mlio mmoja wa hezi 41 kutoka kwenye simu kupitia spika, mfululizo, nikaanza kutembea. Ukutani kioo cha dirisha kilikuwa kinatetemeka. Kila hatua kuelekea katikati mlio ukapungua, mpaka nilipofika kwenye kiti nikadhani simu imezimika. Nikapiga hatua mbili nyuma, ukarudi. Nilitembea mbele na nyuma labda mara ishirini. Sijui nilikuwa nathibitisha nini, nafikiri nilikuwa nafurahi tu.

Halafu nikaelewa suala la ekwalaiza, na furaha ikakatika. Shimo la namna hii halijazwi kwa kuongeza nguvu. Ukiongeza wimbi linalokwenda, umeongeza na linalorudi, yanazidi kukatana. Kilima, yaani mahali noti inapozidi, unaweza kukipunguza kwa ekwalaiza. Shimo huliwezi. Zile desibeli 6 zangu zote zilikuwa zinakwenda kila mahali ndani ya nyumba isipokuwa kwenye kiti changu.

## Umeangusha nini?

Sabufa nayo nilikuwa nimeiweka ilipopata nafasi. Ipo njia ya zamani ya kuitafutia mahali: unaiweka sabufa juu ya kiti chako, pale unapokaa, halafu wewe unatambaa sakafuni kuzunguka chumba huku muziki wenye besi ukicheza. Mahali utakapoisikia besi imekaa sawa, haijavimba wala kukonda, hapo ndipo pa kuiweka sabufa. Kisha wewe unarudi kwenye kiti. Inafanya kazi kwa sababu, kwa sauti hizi ndefu, ukibadilishana nafasi na chombo, kile ambacho chumba kinaifanyia sauti hakibadiliki.

Mke wangu alinikuta niko chini, shavu karibu na sakafu, kwenye pembe ya mapazia.

"Umeangusha nini?"

"Natafuta besi."

"Besi? Njoo uichukue chumbani. Iko huku kila siku."

Nikakaa chini palepale. Miaka miwili. Chumba chetu cha kulala kiko nyuma ya ukuta uleule ambao mlio wa hezi 41 ulikuwa unaunguruma. Alikuwa akiisikia besi yote niliyoikosa mimi, desibeli 6 za nyongeza na zaidi, na kila alipolalamika nilimwona hajui muziki.

Nilirudisha kiti nyuma sentimita 80. Sikukibandika ukutani, maana huko besi inavimba hadi inachosha. Ekwalaiza nikairudisha sifuri. Sabufa ikaishia ubavuni, theluthi moja ya urefu wa ukuta. Hapapendezi kwa macho, na kwa hilo tumekubaliana kutokubaliana. Spika zenyewe zilikuwa sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma yake, umbali ambao hutoboa shimo jingine karibu na hezi 143, kwenye kifua cha sauti ya mwanamume. Nimezisogeza. Shimo halikuondoka, limehamia penye madhara madogo zaidi. Chumba hakikupi kitu bila kukudai kingine.

Zulia na mapazia mazito niliyoongeza mwaka jana? Yalisaidia kupunguza mwangwi wa sauti za juu. Kwa besi si kitu. Kitambaa chenye unene wa sentimita moja hakiwezi kulishika wimbi la mita 7.

## Mtu asiyekuwepo

Baada ya kuhamisha kiti nikapima umbali wa kila spika hadi kichwani kwangu. Kushoto mita 2.42. Kulia mita 2.64.

Sentimita 22 zinaonekana si kitu. Sauti huzipita kwa milisekunde 0.6 hivi. Lakini ubongo hautazami saa kama sisi: sauti mbili zinazofanana zikifika kwa kupishana kiasi hicho, unaamini ile iliyotangulia na kumpeleka mwimbaji upande huo. Ndiyo maana nimekuwa nikizungusha kitufe cha mizani, kinachogawa sauti kati ya kushoto na kulia, kuelekea kulia, nikidhani spika ya kulia imechoka. Nilikuwa hata nimeanza kutafuta mahali pa kununua koni yake.

Katikati ya spika mbili hakuna kitu. Ukinyoosha mkono pale anaposimama mwimbaji, unashika hewa. Tunamsikia pale kwa sababu spika mbili zinasema jambo moja, kwa wakati mmoja, kwa nguvu sawa. Moja ikiwahi, anasogea. Moja ikipinga, anatawanyika.

Mhandisi wa Uingereza, Alan Blumlein, ndiye aliyewasilisha ombi la hataza ya mpango huu, tunaouita stereo, mwishoni mwa mwaka 1931. Husimuliwa kwamba alikuwa sinema na mkewe, akakerwa na jinsi mwigizaji anavyovuka pazia zima huku sauti yake ikibaki imekwama mahali pamoja. Nampenda kwa kero hiyo. Watu wangapi walikaa kwenye viti vya sinema miaka ile, wakaona jambo lilelile, wakaendelea kutazama filamu?

Nilipozisawazisha, tofauti ikabaki chini ya sentimita moja. Mwimbaji akaja katikati, akasimama. Kitufe cha mizani nimekirudisha penye alama yake, na sijaagiza koni yoyote.

## Kijana na swichi

Lililobaki nililiogopa.

Mwaka jana nilibadilisha amplifaya. Nilimwambia kila aliyenisikiliza, na wachache wasiotaka kunisikiliza, kwamba mpya imeondoa pazia lililokuwa mbele ya muziki. Nililinganisha mwenyewe: kitufe cha sauti nusu kwenye hii, nusu kwenye ile. Mpya ilishinda bila ubishi.

Kumbe nusu ya hii si nusu ya ile. Safari hii nilicheza mlio mmoja tulivu, nikapima volti kwenye vibanio vya spika kwa malitimita, kile kipimio cha umeme cha mafundi, nikarekebisha mpaka amplifaya zote mbili zikatoa kiasi kilekile. Mpya ilikuwa imezidi kwa desibeli 2 na kidogo siku zote.

Desibeli 2 hazisikiki kama kelele zaidi. Zinasikika kama uzuri zaidi. Besi inaonekana kunenepa, na hilo nalo lina sababu: mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson wa maabara ya Bell Labs, Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio letu huikosa besi kuliko sauti za kati, na ukipandisha, besi huongezeka masikioni haraka kuliko nyingine. Kwa hiyo kinachopiga juu kidogo hujiona kimekamilika zaidi. Muuzaji anayezungusha kitufe kidogo tu anapofika kwenye ile anayotaka uinunue analijua hili, hata kama hajawahi kusikia habari za Fletcher.

Nikamwomba kijana wangu akae nyuma ya pazia na swichi, achague atakavyo, aandike. Raundi 12. Mimi nikafumba macho na kutaja kwa uhakika mkubwa: mpya, mpya, ya zamani, mpya.

Nilipatia 7.

Angerusha sarafu tungekuwa tumelingana. Kijana akanionyesha karatasi yake, akajaribu kutocheka. "Baba, hapa uliposema pazia limeondoka, hii ni ile ya zamani."

Sitaki kusema amplifaya zote ni sawa. Zipo zinazovuma, zipo zinazoishiwa nguvu kwenye spika za omu 4, zipo zinazochanika zikipandishwa na kuunguza twita, zile spika ndogo za sauti za juu. Nasema mimi, kwenye chumba changu, kwa sauti ninayosikilizia, sikuweza kuzitofautisha, na mwaka mzima nilikuwa nahubiri. Nyaya nene nilizonunua nazo sihitaji hata kuzipima. Waya ya shaba ya milimita za mraba 1.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, ina ukinzani wa omu 0.1 na ushee. Spika yangu ni omu 8, kwa hiyo hata waya ya kawaida kama hiyo haiipunguzii kitu cha maana. Nimebaki nazo kwa sababu zimeshanunuliwa na rangi yake inapendeza.

Usiku ule, baada ya wote kulala, nilikaa kwenye kiti kilichohamishwa nikasikiliza santuri nzima, pande zote mbili. Ilikuwa nzuri kuliko wakati wowote nyumbani kwangu, na hakuna kilichonunuliwa. Ilipofika ule wimbo ambao rafiki yangu anaupenda, nikaizima.

## Nilimpigia

Nilijitetea sana kabla ya kupiga. Muziki wake sasa unalia vizuri. Ana furaha. Nikimwambia ataanza kuhesabu alichouza, kwa ushauri wa nani, kwa nusu wimbo. Kuna ukweli ambao humfaidi anayeusema tu, nilijiambia, na kwa siku kadhaa hoja hiyo ilinitosha. Ikaja kuniharibikia siku aliponitumia ujumbe: shemeji yake anataka kubadilisha spika, hazina besi, je naweza kupita kuzisikiliza?

Nikapiga. Nikamweleza yote, tangu kibanio cheusi. Nikamweleza na lile neno, kwamba hakuna kilichozoea.

Akakaa kimya kiasi kwamba nilidhani mtandao umekata.

"Kwa hiyo," akasema, "zile zangu za kwanza zilikuwa nzuri?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeandaa majibu ya maswali yote isipokuwa hilo.

"Sijui, kaka. Sijawahi kuzisikia."

Akacheka, si sana. Akasema aliyezinunua anamfahamu, bado anazo, na hajambo, si mtu mgumu. Jumamosi tunakwenda kumwomba atuwashie, kisha tupitie kwa shemeji. Nimeweka betri mfukoni.